Sura ya Tano: Dawa Chungu Husafisha Nini?

Kwa watu wengi wa Pwani, uchungu wa kwanza kuuonja duniani hupakwa kwenye ziwa la mama. Siku ya kumwachisha mtoto kunyonya ikifika, mama hukata jani la mshubiri, akakamua tone la manjano, akalipaka kwenye chuchu. Mtoto anakuja mbio kama kawaida yake, anakamata, anaachia. Anamtazama mama usoni. Anajaribu tena kwa tahadhari, anaachia tena, analia. Baada ya siku chache haji tena. Pasipo na mshubiri, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Mtoto huyo huyo akifika miaka saba na kushikwa na homa, ataletewa kikombe cha maji ya mwarobaini, atabanwa pua na kuambiwa anywe. Akiuliza kwa nini, jibu liko tayari: dawa ni chungu. Uchungu uliomfukuza kwenye ziwa sasa ndio sababu ya kumeza. Mara mbili katika maisha yake mafupi ameambiwa mambo mawili yanayopingana kuhusu ladha moja, na mara zote mbili waliomwambia walikuwa watu wanaompenda.

Mara zote mbili walikuwa na haki pia. Uchungu ni taarifa. Ulimi wa binadamu una aina zipatazo 25 za vipokezi vya ladha chungu, wakati utamu unatambuliwa kwa kipokezi kimoja tu. Maumbile yametumia akiba kubwa hivyo kwa sababu mimea mingi hujikinga kwa sumu, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Kwa hiyo ulimi unapokunja uso unasema jambo moja: humu mna nguvu. Nguvu hiyo itampiga nani, mdudu wa homa au ini lako, ulimi haujui. Hilo inabidi tulijue sisi.

Waarabu waliotuletea jina la mshubiri walilifikiria jambo hili zamani. Katika lugha yao, mshubiri na uvumilivu vina mzizi mmoja wa herufi tatu. Sisi tukayapokea yote mawili, tukapata subira na shubiri, na hadi leo jambo lililotushinda uzito tunasema ni chungu kama shubiri.

*

Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, imejinyoosha pembeni mwa Barabara ya Morogoro kutoka Manzese hadi Kibamba. Ni upande wa jiji ambao mgeni wa bara aliuona kwanza, kwa miaka mingi, aliposhuka kituo cha mabasi cha Ubungo, kabla mabasi hayajahamia Mbezi Luis mwaka 2021. Watu walikuja na mabegi yao, na dawa za kwao zikaja nao. Mhaya alikuja na jina lake la mmea mchungu, Mpare na lake, Mmasai na mizizi yake anayoitembeza mpaka leo kutoka meza moja ya baa hadi nyingine. Wakawakuta Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii, na miti yao. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua Watanzania wanakunywa nini wakiugua, usiende kijijini. Pita Mabibo sokoni.

Ninakokaa mimi, Makuburi, mwarobaini hautafutwi. Upo kwenye uwanja wa shule, upo juu ya kijiwe cha bodaboda, upo nyuma ya nyumba yangu ukiangusha majani kwenye tangi la maji. Asili yake ni Bara Hindi, lakini umeshakuwa mwenyeji kiasi kwamba tumeupa jina kwa hesabu yetu wenyewe: mti wa magonjwa arobaini.

Siku moja nilisimama kwa bibi mmoja aliyetandika dawa zake karibu na soko. Magome yalifungwa kwa kamba ya mkonge, unga ulikuwa kwenye chupa za maji zilizotumika, mizizi ilipangwa kwa ukubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unasumbuliwa na nini?"

Nikamwambia siumwi, nataka kujua dawa ya kusafisha.

"Kusafisha nini?" akaniuliza. "Kuna ya tumbo, kuna ya damu, kuna ya kizazi, kuna ya figo. Ya kusafisha nyota wanauza wengine, mimi siuzi."

Nimesoma vitabu vingi vya dawa za mimea, na vichache vimeniuliza swali zuri kama hilo. Neno kusafisha tunalitumia kana kwamba mwili ni chumba kimoja na ufagio ni mmoja. Bibi yule alijua kwamba vyumba ni vingi.

*

Tuanze na tumbo, maana hapo ndipo mimea yetu inapofanya kweli inachoahidi.

Wazee wa Pwani walikuwa na neno ambalo vijana wa Sinza hawalijui tena: haluli. Ni dawa ya kuendesha, inayofungua choo kwa nguvu. Palikuwa na chumvi ya haluli, palikuwa na mafuta ya nyonyo, palikuwa na sanamaki iliyopewa jina la Makka, na palikuwa na shubiri. Kunywa haluli mara kwa mara lilikuwa jambo la adabu ya mwili, kama kuoga. Nyuma ya desturi hiyo kulikuwa na elimu kongwe, tiba ya Kiyunani, iliyopita mikononi mwa waganga wa Kiislamu kama Ibn Sina hadi ikatua Zanzibar na Mrima. Elimu hiyo ilifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ugonjwa ni kuzidi kwa mojawapo, na tiba ni kukitoa kilichozidi. Mabaki yake bado yako vinywani mwetu. Mtu akisema nyongo imempanda, au anaogopa mchanganyiko wa vitu vya baridi na vya moto, anazungumza lugha ya tiba hiyo bila kujua. Hata neno safura, ambalo kwetu leo ni ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu, linatoka kwenye jina la Kiarabu la nyongo ya manjano.

Majimaji manne yamepitwa na wakati. Sanamaki haijapitwa, na namna inavyofanya kazi ni ya kustaajabisha. Viambato vyake havifyonzwi tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Vinapita kama abiria mwenye tiketi ya mbali. Vikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanavivunja, na kilichovunjwa ndicho kinachouamsha utumbo usukume na umwage maji. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Bibi zetu waliagiza inywewe usiku, mtu aende chooni asubuhi, na hawakuwa wamefunguliwa maabara yoyote. Leo sena, ambayo ndiyo sanamaki yenyewe, imo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa wagonjwa wanaofungwa choo na dawa kali za maumivu.

Shubiri inafuata njia hiyo hiyo, ila kwa ukali zaidi, na hapa nataka msomaji atulie kidogo. Jani la mshubiri, alovera kama wauzaji wanavyoliita siku hizi, lina vitu viwili tofauti. Katikati kuna ute mweupe unaoteleza, ule unaopakwa kwenye ngozi iliyoungua jua. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi, na huo ndio haluli. Anayesaga jani zima kwenye blenda amevichanganya vyote viwili, na kiasi cha utomvu alichokunywa hakijui. Marekani iliamuru mwaka 2002 shubiri iondolewe kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake.

Mama yangu mdogo alikunywa shubiri na sanamaki kwa zaidi ya wiki mbili. Hakufungwa choo. Alikuwa na chunusi na uchovu, akaambiwa damu yake ni chafu. Aliendesha kila siku, na kila alivyoendesha aliona uchafu unatoka, akafurahi. Kisha misuli ya miguu ikaanza kumkaza usiku, moyo ukawa unaruka mapigo, asubuhi moja akashindwa kuinuka kitandani. Hospitali walikuta madini ya potasiamu yamepungua sana mwilini. Utumbo ulikuwa umemwaga maji na chumvi zake siku baada ya siku. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini alichokiona chooni hakikuwa uchafu wa damu. Ulikuwa mwili wake.

*

Damu haisafishwi na tumbo. Inasafishwa na ini na figo, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu yote, na kinachobaki, lita moja na nusu hivi, ndicho mkojo. Hakuna jani linaloingia kwenye mishipa na kufagia. Kinyume chake, kila kiambato cha dawa kikishafyonzwa, ini ndilo linalobebeshwa kazi ya kukivunja na figo kazi ya kukitoa. Anayekunywa dawa kali ya kusafisha figo bila kuumwa figo amezipa figo zake kibarua.

Mambo haya si ya uswahilini tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kwenye kliniki moja ya kupunguza mwili huko Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mwaka 1993 madaktari wa figo wa mji huo walitangaza walichokuwa wanakiona: wanawake wenye umri mdogo ambao figo zao zimenyauka. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, na ukishasagwa hakuna jicho linaloweza kuutambua. Hatimaye wagonjwa walipita 100. Baadhi yao walikuja kupata saratani ya njia ya mkojo.

Ninaposimama mbele ya chupa za unga zisizo na jina pale Mabibo, wanawake wale wa Brussels ndio ninaowakumbuka. Gome lina sura, jani lina harufu, mzizi una rangi ukikatwa. Unga una neno la muuzaji peke yake. Mimi hununua kitu kizima, au sinunui.

*

Sasa homa. Hapa uchungu una historia yenye heshima, na sitaki kuipunguza.

Kwinini, iliyookoa mamilioni ya watu, hutoka kwenye gome chungu la mti wa Amerika ya Kusini. Klorokwini iliyoirithi ilitoka maabara, lakini kila aliyekulia Tanzania ya miaka ya 1980 anaikumbuka kwa ulimi na kwa ngozi, ule mwasho uliomfanya mtu ajikune hadi alfajiri. Kwa vizazi kadhaa dawa ya malaria ilikuwa chungu, na chungu ikawa dawa ya malaria. Vimelea vilipoizoea klorokwini, Serikali iliiacha mwaka 2001, na miaka mitano baadaye ikaingia dawa mseto.

Ndani ya dawa mseto kuna zao la mmea mwingine mchungu, ndugu wa pakanga, ile ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kwa nyota ya Ufunuo iliyoyatia maji uchungu. Aliyeifungua siri yake ni Tu Youyou, mtafiti wa Kichina aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Yeye na wenzake walichemsha mmea huo, wakaona matokeo yanayumba. Ndipo aliporudi kwenye kitabu cha tiba cha karne ya 4 na kusoma kwamba mmea uloweshwe majini kisha ukamuliwe. Hapakuwa na moto. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa linaiua dawa, akabadili njia, akafanikiwa. Mmea ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kuuandaa. Nawaomba wanaoniambia kwamba kila jani ni kuchemsha tu mpaka maji yawe meusi waifikirie habari hiyo.

Mfano wa karibu zaidi uko Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa akifuata sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua misitu ile na dawa zake kutoka kwa wazee wake. Wakamwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa mnyonge, analala mchana, hali chakula. Akausogelea mti ambao Watongwe wanauita mjonso, mti ule ule ambao Waganda wanauita mululuza na ambao wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Akavunja tawi changa, akabandua ganda, akaacha majani, akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake machungu, akatema makapi. Kalunde alimwambia mwenzake kwamba hiyo ni dawa, na kwamba kwao inatibu tumbo na homa. Katika muda wa siku moja hivi Chausiku alikuwa amerudia nguvu zake. Mwaka 1989 wawili hao waliandika ripoti pamoja, na jina la Mtongwe likachapishwa kando ya jina la mtafiti.

Katika habari ile mimi huangalia zaidi kile ambacho Chausiku hakukila. Majani na ganda la mjonso yana sumu nyingi kuliko moyo wa tawi. Sokwe mgonjwa alichagua sehemu, akala kidogo, akaacha.

Mmea huo huo ulijaribiwa kwa binadamu nchini Uganda, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Wagonjwa wa malaria isiyo kali walipewa maji ya majani ya mululuza. Takriban theluthi mbili walipata nafuu. Lakini walipopimwa damu, ni kama theluthi moja tu ya hao waliopata nafuu ambao vimelea vilikuwa vimewatoka kabisa, na wengi wa hao vikawarudia. Homa ilishuka, adui akabaki ndani. Mtu mzima aliyeumwa malaria mara ishirini anaweza kustahimili hali hiyo. Mtoto wa miaka miwili hawezi. Kwake yeye, nafuu ya siku mbili inaweza kuwa ndiyo siku mbili zilizotakiwa kumwokoa, na degedege likimkuta njiani hakuna kikombe cha mwarobaini kitakachomfaa.

Kwa watoto wachanga nitasema kwa ukali zaidi. Mafuta ya mbegu za mwarobaini si majani ya mwarobaini. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto walionyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani, wakatapika, wakashikwa na degedege, ubongo na ini vikaathirika. Mafuta hayo yapakwe kufukuza mbu. Yasinyweshwe mtoto, hata kijiko kimoja.

*

Kuna uchungu mwingine ambao hauna deni na mtu, na ninauheshimu kuliko dawa zote za chupa. Ni uchungu wa jikoni. Mchunga, mboga yenye majani membamba inayoota yenyewe pembezoni mwa mashamba na viwanja, huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hutiwa tui la nazi na kitunguu. Nyanya chungu huwekwa kwenye samaki wa kukausha. Karela la Wahindi wa mjini hutiwa chumvi kwanza litoe maji. Katika vyakula hivi hekima ya kipimo imo ndani ya mapishi yenyewe: kumwaga maji, kuchanganya na mafuta, kula kiasi cha mboga na si kiasi cha dawa. Anayekula mchunga kila wiki haendi kuuliza damu yake imesafishika kiasi gani. Ameshiba, na utumbo wake umepata nyuzi. Nasikitika ninapoona wauzaji wa mchunga wakipungua sokoni wakati wauza unga wa kusafisha wakiongezeka.

*

Wapo wanaodhani Serikali iliwahi kuzikataa dawa za asili. Sivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na chini yake lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Na hapa hapa Ubungo, pale Mabibo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ina kituo chake cha tiba asili. Mwaka 2020, wakati wa korona, majirani zangu walipokuwa wakijifukiza chini ya mablanketi kwa majani ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, kituo hicho kilihusika na ile dawa ya kunywa ya tangawizi, kitunguu saumu, limau na pilipili iliyoitwa NIMRCAF. Kwa hiyo hakuna sababu ya kununua chupa isiyo na jina la mmea, la mtengenezaji wala namba ya usajili. Iulize chupa maswali yale ambayo bibi wa sokoni aliniuliza mimi.

Na wewe unayesoma sura hii ukiwa na sufuria ya mwarobaini jikoni, sikuombi uimwage. Nakuomba machache. Usiinywe ukiwa mjamzito, na usimnyweshe mtoto anayenyonya. Kama unatumia dawa za kisukari, jua kwamba mwarobaini nao hushusha sukari, na viwili vikikutana vinaweza kukuangusha. Kuharisha kukizidi siku moja, acha haluli, kunywa maji ya chumvi na sukari. Homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo. Na ukifika hospitali, iwe ya Sinza au Mloganzila, ukaulizwa umetumia dawa gani, usiseme hujatumia kitu. Taja mmea, taja sehemu uliyoichemsha, taja vikombe. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka, mwambie tena.